MABOMBA MAPYA BAFUNI: MAJI YAPIMWE KABLA YA KUFUNGA UKUTA



Vyama vyetu vingi vinamiliki nyumba za watumishi, na nyumba hizo aghalabu ni za zamani. Unapofika wakati wa kulitengeneza bafu upya, Bodi hujadili kwa kirefu rangi ya vigae na aina ya sinki, lakini mabomba yatakayozikwa ukutani huachiwa fundi peke yake. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyopasa kwenda, na hasa jambo moja ambalo mkaguzi hulitafuta katika jalada na mara nyingi asilipate: ushahidi kwamba mabomba yalijaribiwa kwa maji kabla ukuta haujapigwa lipu.

Nitaanza na chama kimoja cha msingi ambacho sitakitaja. Nyumba ya meneja wake ilijengwa kabla ya mwaka 1976, mwaka ambao vyama vya ushirika vilivunjwa nchini Tanzania. Sheria ya mwaka 1982 iliporudisha ushirika, nyumba ilirejea kwa chama pamoja na funguo, lakini michoro haikurejea. Bafu lake limepakana ukuta kwa ukuta na ghala la pembejeo. Bodi iliamua kung'oa mabomba ya chuma yaliyokwisha kula kutu na kuweka ya plastiki. Kazi ilikwisha, vigae vikang'aa, fundi akalipwa fedha zote siku hiyo hiyo. Msimu uliofuata mtunza ghala aliinua mfuko wa mbolea ya Urea akaukuta umekuwa jiwe. Mifuko 27 ya safu ya chini ilikuwa katika hali hiyo hiyo, maana maji yalikuwa yakipita polepole chini ya ukuta.

Ukuta ulipovunjwa, ilionekana kona moja ya bomba haikuungana sawasawa. Fundi bomba akasema kwamba aliiacha nzima, na kwamba fundi vigae ndiye aliyeitikisa kwa nyundo. Fundi vigae akaapa kwamba aliikuta hivyo. Hapakuwa na karatasi wala picha ya kuamua baina yao, nami katika taarifa yangu niliandika hasara isiyo na mhusika. Wanachama ndio walioilipa.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. La kwanza ni kujua mabomba ya zamani yanakoishia. Bomba la chuma lililopakwa zinki huanza kuota kutu kwa ndani baada ya miaka mingi, na bomba la nusu inchi laweza kubaki na tundu jembamba kama kalamu. Ukibadilisha kipande cha bafuni tu na kuacha kilichobaki, magamba ya kutu yatakuja kuziba koki mpya. Tena maji yaliyopata njia pana yatautafuta udhaifu katika maungio ya zamani. Kwa hiyo inafaa kubadilisha hadi kwenye koki kuu iliyo nje ya nyumba, na kuliwekea bafu koki yake ya kufungia, ili siku ya matengenezo nyumba nzima isikose maji.

La pili, maji taka hutangulia. Mafundi wengine hupenda kuanza na maji safi kwa kuwa ni kazi nyepesi. Lakini bomba la maji safi laweza kupanda, kushuka na kukata kona litakavyo, ilhali bomba la choo lina njia moja tu, nayo ni ya kuteremka. Bomba la inchi 4 litokalo chooni lipewe mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Kama chemba iko mita 4, mwisho wa bomba uwe chini kwa sentimita 10. Mteremko huo upimwe kwa pima maji au kwa uzi, usikadiriwe kwa jicho. Mahali pa kugeuka, kona mbili za nyuzi 45 ni bora kuliko kona moja kali, ambayo ndiyo hukamata uchafu. Chini ya sinki na sakafuni iwekwe kona inayobakiza maji, maana maji hayo ndiyo mlango unaozuia harufu ya shimo isiingie ndani. Bomba la hewa lipande hadi juu ya paa, la sivyo maji ya choo yanaposhuka kwa kasi huweza kuyavuta na yale ya kwenye kona, na nyumba ikanuka bila mtu kujua sababu.

Hapa kuna kosa dogo linalogharimu sana. Fundi hupima urefu wa mabomba kutoka kwenye zege tupu, akasahau kwamba juu yake patakuja chokaa ya saruji na kigae. Mdomo wa kupokelea maji ya sakafuni ukikosewa, aidha utajitokeza juu ya vigae na maji yasiufikie, au utabaki shimoni. Yapasa aambiwe tangu mwanzo sakafu itaishia wapi, na mstari uchorwe ukutani.

Maji safi siku hizi hupelekwa zaidi kwa mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa moto. Mashine huwashwa hadi nyuzi joto 260 za Sentigredi. Bomba la milimita 20 na kona yake hupashwa kwa muda wa sekunde 5 hivi, kisha huingizwa moja kwa moja bila kuzungushwa na kushikiliwa hadi yatulie. Bomba lisipofika mwisho wa kona, muungano huwa wa juu juu, na ndivyo ilivyokuwa katika ukuta wa ghala lile. Likipashwa kupita kiasi au kusukumwa mno, plastiki huvimba ndani na kuziba njia. Macho ya mjumbe wa Bodi hayawezi kuuona upungufu huo kwa nje, na kwa sababu hiyo kipimo ni cha lazima.

Wengi hudhani kufungua maji ya tangi na kutazama kama pana unyevu ni kipimo tosha. Sivyo. Maji yaliyo mita 10 juu ya koki hutoa msukumo wa takriban bar 1. Tangi lililo mita 5 juu ya koki hutoa nusu yake tu. Maji ya bomba la mji huweza kuwa na nguvu nyingi zaidi, hasa usiku watumiaji wanapofunga koki zao. Kipimo cha haki ni kuziba midomo yote, kujaza maji, kutoa hewa, kisha kusukuma kwa pampu ya mkono yenye saa hadi mara moja na nusu ya msukumo mkubwa unaotarajiwa. Kama ni bar 4, pampu ifike 6. Mshale utashuka kidogo mwanzoni kwa kuwa plastiki hutanuka. Usiwalaumu mafundi kwa hilo. Baada ya nusu saa msukumo urudishwe, ndipo saa itazamwe kwa makini. Mabomba ya maji taka nayo yazibwe kule kwenye chemba, yajazwe maji, na alama ya chaki iwekwe kwenye usawa wa maji. Maji yakishuka chini ya chaki, ukuta usifungwe.

Siku ya kipimo iandikwe karatasi moja: tarehe, msukumo wa mwanzo na wa mwisho, muda, na sahihi za fundi bomba, fundi vigae na mjumbe mmoja wa Bodi. Sahihi ya fundi vigae ni muhimu sawa na nyingine, maana kwayo anakiri kwamba ameyapokea mabomba yakiwa mazima. Picha zipigwe kwa simu, futikamba ikiwa imetandazwa ukutani, kisha zichapwe na kuwekwa katika jalada la nyumba. Simu ya meneja si jalada. Fungu la pili la malipo litolewe juu ya karatasi hiyo, nayo iambatanishwe na hati ya malipo. Fungu la mwisho lisubiri bafu litumike kwa wiki mbili.

Mwaka uliofuata chama kile kilitengeneza choo cha ofisi. Saa ya pampu ilisimama kwenye 6, na baada ya saa moja ikasoma 4. Fundi alipita kwenye kila kona kwa kitambaa kikavu, akaipata iliyokuwa ikitoa jasho, akaikata na kuweka nyingine. Fundi vigae alisubiri nusu siku, naye akalipwa posho ya kusubiri.