Kupima Mianya ya Hewa Katika Nyumba Mpya

Katika nchi za baridi kama Uswidi, Kanada na Ujerumani, nyumba hupashwa joto kwa miezi mingi ya mwaka. Hewa yenye joto ikivujia nje kwa mianya, nishati hupotea bure. Tena mvuke uliomo katika hewa hiyo huweza kugeuka maji ndani ya kuta na kuozesha mbao. Kwa kuwa mianya mingi haionekani kwa macho, nyumba mpya hupimwa.

Feni yenye nguvu hufungwa katika mlango wa nje, na nafasi inayobaki huzibwa kwa turubai lisilopitisha hewa. Madirisha hufungwa, milango ya ndani huachwa wazi, na matundu ya hewa yaliyowekwa kwa makusudi huzibwa kwa muda. Ndipo feni hutoa hewa nje mpaka kanieneo ya ndani ipungue kuliko ya nje kwa paskali 50. Tofauti hiyo ni ndogo, sawa na kanieneo ya maji yenye kina cha milimita 5 hivi.

Tofauti hiyo inapotulia, kiasi cha hewa inayotolewa na feni huwa sawa na kile kinachoingia kwa mianya. Kwa mfano, ikiwa nyumba ina ujazo wa mita za ujazo 250, na feni inatoa mita za ujazo 1,000 kwa saa, hewa yote hubadilika mara 4 kwa saa. Kipimo cha Passivhaus, kilichoanzia Ujerumani, hakiruhusu zaidi ya mara 0.6, yaani mita za ujazo 150 kwa nyumba hiyo. Ili kuitafuta mianya, fundi hupitisha moshi mwembamba kandokando ya madirisha na soketi. Moshi huyumba penye ufa.

Hata hivyo, kuziba nyumba si mwisho wa kazi. Wakazi huhitaji hewa safi, hivyo nyumba iliyozibwa vema lazima iwekewe njia maalumu ya kuingiza na kutoa hewa. Kanuni hii yahusu pia nyanda za juu za Tanzania, kama vile Njombe, ambako usiku wa Julai huwa na baridi kali. Anayeziba nyufa za dirisha, kisha akalala na jiko la mkaa chumbani, huzuia baridi isiingie. Lakini huizuia pia kaboni monoksaidi isitoke. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, nayo huua.