Istilahi za Kitengo cha Vali katika Giaboksi Otomatiki: Mfano wa Kigali

Gari lenye giaboksi otomatiki linapopanda miinuko ya Kiyovu, jijini Kigali, kitengo cha vali huelekeza oili yenye shinikizo kwenye klachi ili gia ibadilike. Uchafu ukikwamisha vali, gia huchelewa kuingia au gari hushtuka. Fundi hukifungua kitengo, hukisafisha, hurejesha kila springi na gololi mahali pake, kisha hukaza bolti kwa kipimo cha mtengenezaji. Hata hivyo, injini nayo ina vali zake. Agizo la "kutengeneza vali" pekee laweza kumpeleka fundi kwenye kifaa kisichohusika. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Hadhi hiyo itawafaa mafundi iwapo miongozo ya ufundi itatofautisha "vali za injini" na "kitengo cha vali za giaboksi".