Kompyuta ya zamani isitupwe bado
Je, dunia inahitaji mfumo endeshi mpya wa kompyuta? Karani wa chama cha msingi cha kahawa Nyaishozi, wilayani Karagwe, anahitaji tu ule utakaotunza kilo za wakulima hadi malipo. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inazikataa mashine nyingi kuukuu. Linux, iliyoanza 1991, haina ada na ina aina nyepesi. Kiswahili nacho kinawezekana: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Tatizo ni programu za mauzo zilizoundwa kwa Windows pekee. Hesabu zinakiliwe kwanza, kisha Linux ijaribiwe kwenye flashi kabla ya msimu, Windows ikiwa bado haijafutwa.