Rohini, Mke Kipenzi wa Mwezi

Mwezi alioa wake ishirini na saba, wote ndugu, mabinti wa mzee Daksha. Sharti la mkwe lilikuwa moja tu: zamu. Kila mke usiku wake, asizidishiwe huyu wala asipunjwe yule. Mwezi akaitikia, kama waitikiavyo wanaume siku ya posa, kisha akahamia kwa Rohini. Wale ishirini na sita wakangoja, wakachoka, wakarudi kwa baba yao kushtaki. Daksha akamwonya mkwewe mara ya kwanza, akamwonya mara ya pili. Ya tatu akamlaani akonde mpaka aishe. Mwezi akaanza kukonda kweli, na kwa kuwa Wahindu humhesabu kuwa bwana wa mimea, majani na mazao nayo yakanyauka. Miungu wakaingia kati. Laana haikufutwa, ilipunguzwa makali tu: Mwezi akonde nusu mwezi, anawiri nusu ya pili.

Kisa hiki ni kikongwe. Katika Taittiriya Samhita, kimoja cha vitabu vya Veda, wake wanatajwa kuwa thelathini na watatu, na maradhi yanapewa jina, rajayakshma, ambalo waganga wa tiba asili ya Kihindi wamelitumia kwa kifua kikuu. Katika Mahabharata wake ni ishirini na saba, na Mwezi anakwenda kuoga Prabhasa, kwenye ufuo wa Gujarat, ili apone. Hapo ndipo lilipo hekalu la Somnath, maana yake Bwana wa Mwezi, yaani mungu Shiva, ambaye wenyeji humsifu kuwa ndiye aliyemponya. Mahmud wa Ghazni alilivunja hekalu hilo mwaka 1026. Lililopo sasa lilifunguliwa 1951.

Ukikisikiliza kwa makini, kisa hiki cha wivu wa wake wenza ni hesabu. Mwezi huondoka kwenye nyota fulani na kuirudia baada ya siku 27 na saa kama nane. Wahindi wa kale wakaigawa njia yake mafungu 27, kila fungu digrii 13 na dakika 20, wakaliita nakshatra. Kila usiku Mwezi analala nyumba moja. Wanafalaki wa Pwani yetu wanazijua nyumba hizi kwa jina la Kiarabu, manzili, mahali pa kushukia msafiri, ila Waarabu huzihesabu 28. Rohini maana yake ni wa rangi nyekundu, na nyota yake ni ile nyekundu inayokifuata Kilimia angani. Waarabu wameiita Dabarani, mwenye kufuata nyuma. Kwao ni manzili ya nne, na kwa Wahindu pia ni ya nne, kwa hesabu ya leo inayoanzia Ashvini. Orodha za zamani zaidi za Veda zilianza na Krittika, ambacho ndicho Kilimia chenyewe, na kwa hesabu hiyo Rohini alikuwa wa pili.

Pembeni mwa nyota hiyo nyekundu kuna nyota ndogo zinazounda kama pembe mbili zilizoachana. Wahindi wameona humo mkokoteni wa ng'ombe, na mkokoteni ndio alama ya Rohini: kitu kinachorudi nyumbani kimejaa mavuno. Mungu wake ni Prajapati, muumbaji, na sayari inayomtawala ni Mwezi mwenyewe. Kwa hiyo mnajimu akiulizwa maana ya Rohini atataja kuota, kukua, rutuba, uzuri na mali. Varahamihira, mnajimu maarufu wa karne ya sita, aliandika kwamba aliyezaliwa chini ya manzili hii huwa mkweli, msafi, mwenye maneno matamu, asiyeyumba na mzuri wa sura. Sijui ni mzazi gani angeikataa hati hiyo.

Lakini mkulima hana haja na sura nzuri. Yeye hutazama manzili ya Jua. Kila mwaka karibu na tarehe 25 Mei, Jua huingia Rohini na kukaa humo takriban wiki mbili. Kaskazini ya India siku tisa za mwanzo huitwa nautapa, siku tisa za moto, na wazee husema afadhali ziunguze kwelikweli, maana mvua ikinyesha ndani yake, masika ya mwaka huo yatakuwa haba. Baada ya Rohini Jua huingia Mrigashirsha, kisha Ardra mwishoni mwa Juni, na mkulima hupanga mbegu kwa kufuata nyumba hizo. Kerala, kusini ya India, kila kipindi cha namna hii kina jina, njattuvela, na kile cha Ardra, ambacho wao hukiita Thiruvathira, ndicho cha kupanda miche ya pilipili manga. Husimuliwa huko kwamba Wareno walipotaka kuichukua miche hiyo, mfalme wa Kalikuti aliambiwa asihofu: wataichukua miche, hawataichukua Thiruvathira. Kwa mtu wa Makunduchi, ambaye wazee wake walihesabu miongo, mafungu ya siku kumi kumi, kuanzia Mwaka Kogwa ili wajue siku ya kupanda, hekima hii haihitaji mkalimani. Na Kilimia tumekiita hivyo kwa sababu ya kulima.

Nyumbani, nakshatra huingia siku ile ile mtoto anapozaliwa. Saa ya kuzaliwa huandikwa kwa uangalifu, kwa kuwa Mwezi hahami saa sita kamili za usiku. Anaweza kuhama alasiri, akawatenga watoto wawili wa siku moja. Kalenda iitwayo panchanga, yenye viungo vitano, nakshatra ikiwa kimojawapo, hufunguliwa, na mtoto huandikiwa nyumba yake. Kila nyumba ina robo nne, na kila robo ina silabi yake. Nyumba 27 zinatoa silabi 108. Rohini ana O, Va, Vi na Vu. Aliyezaliwa robo ya tatu anaweza kuitwa Vimal au Vijay. Wa robo ya nne atawahangaisha wazazi, maana majina yanayoanza na Vu hayapatikani kirahisi. Wagujarati hawajibani hivyo: huchukua herufi za nyota nzima, yaani burji, na kwa mtoto wa Rohini ni Ba, Va au U, akawa Bina, Varsha au Urvashi.

Jina lenyewe, kwa Wagujarati, hutajwa na foi, dada wa baba. Familia nyingi za Kihindu za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam zina asili ya Kachi na Kathiawar, na humo shangazi ndiye mwenye haki hiyo. Nyota hutoa herufi, shangazi hutoa jina. Napenda mgawanyo huo, maana hata mbingu zikisema, neno la mwisho limebaki kwa jamaa.

Upande wa mama mambo si matamu hivyo. Mungu Krishna alizaliwa usiku wa manane, siku ya nane ya Mwezi kupungua, Mwezi akiwa Rohini. Mjomba wake, Kamsa, mfalme wa Mathura, alikuwa amemfunga mama wa Krishna gerezani na kuwaua wengi wa watoto wachanga waliomtangulia, na Krishna alipokua alimwua mjomba huyo. Kutokana na kisa hicho, Tamil Nadu kuna imani kwamba mtoto wa Rohini ni mkosi kwa mjomba wake. Mtoto hana kosa, mjomba hana kosa, ila Kamsa alikosa zamani, na wajomba wa leo ndio wanaotazamwa kwa wasiwasi.

Kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Krishna huko Kerala huitwa Ashtami Rohini, ya nane na Rohini kwa pamoja. Tatizo ni kwamba viwili hivyo havikutani kila mwaka. Wengine hushika siku ya nane, wengine humsubiri Rohini, na sikukuu ikawa leo kwa hawa na kesho kwa wale. Msomaji aliyekulia kwenye mabishano ya kuandama kwa mwezi hatashangaa hata kidogo.

Panapouma ni kwenye ndoa. Nakshatra ya kijana na ya binti hulinganishwa kwa alama 36, na wengi hudai zisipungue 18. Kila manzili ina mnyama wake: wa Rohini ni nyoka, wa Uttara Ashadha ni nguchiro. Watu wawili waliopendana, mmoja wa Rohini na mwingine wa Uttara Ashadha, hupoteza alama zote nne za kipengele hicho kwa sababu nguchiro hula nyoka. Mvua ya Rohini mkulima anaweza kuikagua kila mwaka, na ikimdanganya atajua. Alama za uchumba hazina msimu wa kukaguliwa; mchumba akishakataliwa, hakuna anayerudi kuuliza kama wangeishi vizuri. Mimi ya shambani naiheshimu, hii nasema iachwe.

Na siku ya harusi yenyewe? Miongoni mwa manzili zinazosifiwa kwa kufunga ndoa ni Rohini, kwa kuwa wanajimu huihesabu kati ya zile thabiti. Wale wake wengine ishirini na sita hawakuulizwa.