Kamba ya Kuzimia Mashini

Wewe unayeteremka kutoka Bunia hata Kasenyi, uendeshe mashua ya mashini katika Ziwa Albert, sikia neno hili. Wimbi likikutupa majini, mashua haikungoji. Usukani ulioachwa hugeuka wenyewe, mashua huzunguka na kurudi juu yako, na mapanga ya mashini hukata nyama na mifupa. Kwa hiyo mashini nyingi zina kamba fupi: ncha moja hushika penye kifungo cha kuzimia, ya pili ujifunge mkononi. Ukianguka, kamba huchomoka, mashini huzimika. Wengine huifunga kwenye kiti, kwa maana inawasumbua. Kiti hakianguki! Kila asubuhi washa, vuta kamba, uone kama mashini inazimika. Weka kamba ya pili katika mashua, wenzako wapate kuwasha tena na kukufuata. Wakikukaribia, wazime kwanza.