Phoenix Ilijua Siku Zake Zimehesabiwa

Juzi barazani, kahawa ikizunguka, mzee mmoja alinitupia swali: "Mwanangu, hawa Wamarekani wana akili gani? Wapeleke chombo Mirihi wakijua kitakufa baada ya miezi michache?" Tulicheka, lakini swali lake ni la haki.

Tulikuwa tukizungumzia Phoenix, chombo cha NASA kilichotua upande wa ncha ya kaskazini ya sayari ya Mirihi tarehe 25 Mei 2008. Hakikuwa na magurudumu. Pale kilipotua ndipo kilipobaki, kikichimba udongo ulio karibu nacho kwa mkono wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita 2.

Umeme wake ulitoka kwenye sola. Kiangazi cha huko jua halitui kabisa, jambo gumu kuwazia kwetu Pwani ambako usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima. Lakini msimu ukigeuka, jua hushuka kidogo kidogo, kisha hupotea kwa miezi. Hata magurudumu yasingekiokoa, maana huwezi kuielekeza sola kwenye jua lisilochomoza. Baridi huzidi mpaka hewa ya kaboni dioksidi inaganda na kurundikana juu ya kila kitu. Picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 2010 zilionyesha kivuli cha Phoenix kimebadilika, dalili kwamba barafu hiyo ilivunja paneli zake.

Sasa tazama kilichofanyika kabla ya hapo. Mwezi wa Juni, mkono ulifukua vibonge vyeupe. Baada ya siku nne, baadhi vilikuwa vimetoweka. Chumvi haitoweki hivyo. Ile ilikuwa barafu ya maji. Mwisho wa Julai, udongo uliopashwa moto ndani ya chombo ulitoa mvuke wa maji. Baadaye Phoenix iliona theluji ikianguka kutoka mawinguni.

Ilipangiwa siku 90 za Mirihi; ilifanya kazi zaidi ya miezi mitano, na sauti yake ya mwisho ilisikika tarehe 2 Novemba 2008.

Basi mzee wangu, jibu ni hili: barafu waliyoitafuta iko huko huko kwenye baridi inayoua mitambo. Mvuvi wetu hangoji bahari iwe shwari mwaka mzima ndipo aingie. Huingia msimu ukiruhusu, akarudi na samaki kabla upepo haujageuka. Phoenix haikurudi, lakini samaki wake tulimpata.