Shimo Kuu la Buluu: Pango Lililomezwa na Bahari

Katika Bahari ya Karibi, yapata kilomita 70 kutoka mji wa Belize City, kuna mwamba wa matumbawe uitwao Lighthouse Reef. Katikati ya maji yake ya kina kifupi pana shimo la mviringo, lenye upana wa mita 300 hivi na kina cha mita 125 hivi. Je, shimo hilo lilitokeaje?

Jibu limo humo humo shimoni. Mwaka 1971 msafara wa Jacques Cousteau, mpelelezi wa bahari kutoka Ufaransa, ulifika hapo kwa meli iitwayo Calypso. Wapiga mbizi wake walikuta stalaktiti kubwa, yaani mawe yaning'iniayo kutoka darini mwa pango, kama yale ya mapango ya Amboni karibu na Tanga. Leo wapiga mbizi huyaendea katika kina cha mita 40 hivi.

Stalaktiti huumbwa na matone ya maji. Kila tone huacha chembe ya chokaa darini. Jambo hilo hutendeka hewani tu. Ni dhahiri, basi, kwamba pango hilo lilikuwa nchi kavu. Katika enzi za barafu maji mengi ya dunia yaliganda barani. Miaka 20,000 hivi iliyopita usawa wa bahari ulikuwa chini ya ule wa sasa kwa mita 120 hivi. Maji ya mvua yaliyeyusha mawe ya chokaa yakafanya pango, paa likaporomoka. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikalijaza.

Kuutazama ushahidi huo kuna hatari. Kila mita 10 za maji huongeza kanieneo kwa angahewa moja. Katika mita 40 kanieneo ni angahewa 5. Mtungi wa hewa umtoshao mtu saa moja usoni mwa maji, huko humtosha dakika 12 tu. Naitrojeni huilevya akili, tena huyeyuka katika damu. Mpiga mbizi akipanda kwa haraka, hutoka kwa mapovu kama soda ifunguliwapo, na yaweza kumlemaza au kumwua. Kwa hiyo hukaa dakika chache tu, kisha hupanda polepole, akitua njiani ili naitrojeni itoke kwa pumzi.

Mwanafunzi na akokotoe: katika mita 30, mtungi huo ungetosha dakika ngapi?